San Vitale au Sant'Apollinare Nuovo: makanisa mawili ya Ravenna
Mgeni mwenye saa chache mjini Ravenna, kaskazini mwa Italia, huenda akalazimika kuchagua kati ya makanisa haya mawili ya karne ya 6. San Vitale, lililowekwa wakfu mwaka 547, lina pembe nane na kuba katikati, na pande mbili za madhabahu yake mozaiki (picha za vipande vidogo vya mawe na kioo) zinawaonyesha Kaisari Justinian wa Bizanti, yaani milki ya Roma ya Mashariki, na mkewe Theodora pamoja na watumishi wao. Kwa ustadi wa ujenzi, sioni la kulipita.

Sant'Apollinare Nuovo ni jengo refu lenye safu mbili za nguzo za marumaru. Lilijengwa na Theodoric, mfalme wa Wagothi aliyefuata mafundisho ya Ario, kasisi aliyekana kwamba Kristo ni sawa na Mungu Baba na ambaye Wakatoliki walimhesabu mzushi, lakini baada ya Wabizanti kuuteka mji mwaka 540, likakabidhiwa Wakatoliki, na watu waliochorwa katika picha ya kasri la Theodoric ukutani mwake wakaondolewa na nafasi zao kuzibwa kwa mapazia ya mozaiki. Mafundi hawakumaliza kazi: juu ya nguzo zilizochorwa, mikono kadhaa imebaki bila wenyewe. Kwa msomaji wa historia, basi, ningependekeza aanzie hapa, hata kama San Vitale ndilo linalosifiwa zaidi.