AntennaPod: programu ya kuskiza kwa mtu wa Likoni anayefanya kazi Nyali

Mtu wa Mombasa anayelala Likoni na kazi iko upande wa Lights, kule Nyali, anaijua vizuri hesabu ya asubuhi, bodaboda mpaka feri, kungoja bandani, kuvuka, kupanda mpaka steji upande wa kisiwani, alafu matatu ya Lights kupitia Digo Road na Buxton mpaka uvuke daraja la Nyali. Kuvuka kwenyewe ni dakika chache, kinachokula muda ni kungoja na ile foleni ya magari, na jioni unarudia vilevile. Kwa wiki ni masaa mengi sana hayo na mie naona ni haramu kuyaacha yapite hivihivi tu.

Kusoma hapo hakuwezekani, tusidanganyane. Feri umesimama umebanwa huku na huku, mikokoteni inapita, macho lazima yawe kwa miguu yako na kwa mtoto wa mtu aliye mbele yako. Kwenye matatu nako ukitoa simu ukae dirishani unasoma, pale gari linaposimama ndipo mkono unapoingia, simu imeenda. Kilichobaki huru ni masikio. Kwa hiyo nilitafuta kitu cha masikio, na nilichokaa nacho mpaka leo ni AntennaPod.

Ni programu ya Android ya podkasti, yaani vipindi vya sauti vya mtandaoni, bure kabisa, haina matangazo yake yenyewe na haikuulizi namba wala imeili, unaiweka unaanza kuskiza. Imetengenezwa na watu wanaojitolea, msimbo wake uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua, na ipo Play Store na pia F-Droid, lile duka la programu za msimbo wazi. Mie hilo la kutoandikishwa nalipenda sana, tushachoka kuandikishwa kila mahali.

Sasa kazi yake hasa kwa msafiri ni hii: inashusha vipindi usiku. Ukiingia kwa setingi unaiambia ishushe yenyewe, kwa waifai peke yake, na ukitaka zaidi iwe mpaka simu iko kwa chaji. Unalala, unaamka, vipindi vipya vishapangwa foleni vinakungoja, na kuanzia hapo mpaka ofisini hutumii hata senti ya bando. Kipindi cha nusu saa kilichorekodiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni karibu MB 29, piga hesabu ya kwenda na kurudi kwa mwezi uone ingekuwa pesa ngapi ukiskiza kwa data. Ukimaliza kipindi inaweza kukifuta yenyewe pia, kwa hiyo hata simu yenye nafasi ndogo haijai.

Kitu kingine kidogo lakini pale feri ni kikubwa: eafoni ikichomoka, sauti inasimama papo hapo. Watu wakianza kusukumana kuelekea mlangoni waya unavutwa na begi la mtu, basi hakuna kipindi kinachoanza kupiga kelele mfukoni watu wote wakakugeukia, na ukichomeka tena unaendelea pale pale ulipoachia. Simu iko ndani ya mfuko wa mbele na zipu imefungwa, kila kitu nafanya kwa kile kitufe cha kwenye waya. Nakuomba lakini, uvae sikio moja tu. Lile jingine liache wazi umskie anayepanga watu na magari yanaposhuka, usije ukawa hapo umezama kwenye kipindi na lori liko nyuma yako.

Mwendo wa kuskiza unaweza kuuongeza, na kila podkasti unaiwekea wake. Habari za Kiswahili naziweka 1.25 na naelewa kila neno, masomo nayaacha kawaida. Kuna pia ya kuruka ule mwanzo wa muziki, unaandika sekunde ngapi irushe na hutauskia tena huo wimbo wa kila siku.

Ya kuskiza? Kwa Kiswahili zipo za BBC, DW na RFI, hizo ukiziweka asubuhi unafika kazini unajua dunia imeamkaje. Ukitaka vitabu kuna LibriVox, watu wa kujitolea toka 2005 wanasoma kwa sauti vitabu vilivyoisha hakimiliki, vingi ni vya Kiingereza, unachukua linki ya RSS ya kitabu, ile anwani ambayo programu inaifuata kuleta vipindi, unaibandika na sura zinakuja kama vipindi. Lakini kwangu mie utamu mkubwa uko kwa kufungua folda yako mwenyewe ya simu ikawa kama podkasti. Jirani yangu anasomea uhasibu, jioni anajirekodi akisoma noti zake kwa sauti, anaweka kwenye folda moja, asubuhi anajiskiza mwenyewe toka nyumbani mpaka kazini. Mwenye mawaidha aliyotumiwa WhatsApp, mwenye kuhifadhi Qur'an, mwenye kufundishwa Kijerumani, wote folda hiyo inawafaa.

Kwa upande wa upungufu, wenye iPhone haiwahusu, ni Android tu. Vipindi ambavyo vimefungiwa ndani ya Spotify peke yake hutavipata humu kwa sababu havina linki ya RSS. Na ukitaka simu mbili zisomane itabidi ushughulike na huduma za nje za kuziunganisha, gpodder.net au Nextcloud, mtu wa kawaida hilo litamchosha. Kutafuta vipindi vya Kiswahili nako kunataka subira, andika jina la redio lenyewe, usiandike "Kiswahili" pekee maana utaletewa masomo ya wageni wanaojifunza kusema jambo.

Ya mwisho ni matatu zenyewe. Ukipanda moja ya zile zenye muziki mzito, hakuna programu itakayokusaidia, na kuongeza sauti mpaka mwisho ni kujiharibia masikio. Mie hapo nazima tu, na kama sina haraka nangoja gari jingine lililotulia. Eafoni za kuziba zile zenye mpira zinasaidia kiasi, lakini zivae ukishakaa ndani ya matatu, pale feri hapana.

Nyota tano nampa kwa kushusha usiku na ile folda, nne kwa utafutaji. Ukiiweka leo, kabla ya kulala nenda moja kwa moja kwa setingi uhakikishe ni waifai tu, maana ukiiruhusu ishushe kwa data bando lako halitafika asubuhi.