Kitabu chenye matundu: maoni yangu kuhusu The Very Hungry Caterpillar, toleo la kadibodi

Nafundisha watoto wa chekechea, na kwenye rafu ya darasa langu hakuna kitabu kinachoshikwashikwa kuliko hiki cha Eric Carle. Ninalozungumzia ni lile toleo dogo la kurasa za kadibodi, lenye kiwavi wa kijani mwenye kichwa chekundu kwenye jalada. Nalipatia nyota tano, ingawa nina malalamiko mawili na nitayasema.

Hadithi ni fupi mno. Kiwavi anatoka kwenye yai Jumapili asubuhi, ana njaa. Jumatatu anakula tufaha moja, Jumanne peari mbili, Jumatano plamu tatu, Alhamisi stroberi nne, Ijumaa machungwa matano. Kurasa za siku hizo hazilingani upana: ya Jumatatu ni kipande chembamba, ya Jumanne imeongezeka kidogo, na hivyo hivyo mpaka Ijumaa. Kila tunda lina tundu, tundu la kweli lililotoboa ukurasa, na kidole cha mtoto mdogo kinapenya. Hapo ndipo mtoto anapohesabu bila kuambiwa ahesabu. Anaingiza kidole, anakitoa, anahamia tunda linalofuata, anataja namba. Kokoto na vijiti ninavyo, navitumia, lakini sijapata chombo kinachomfanya mtoto arudie hesabu kwa hiari yake kama hiki. Jumamosi kiwavi anavamia keki ya chokoleti, aiskrimu, jibini, soseji, tikiti maji na vingine mpaka vinafika kumi, tumbo linamuuma, na watoto wangu wote hushika matumbo yao kwa huruma.

Kwa muda mrefu nilidhani kitabu hiki kimebuniwa na mtu wa elimu ya awali. Kumbe kimetoka kwa mchoraji wa matangazo ya biashara aliyekuwa akikaribia miaka arobaini, na nikisoma habari za utoto wake naona kila ukurasa umetokea wapi.

Carle alizaliwa Syracuse, jimbo la New York, tarehe 25 Juni 1929, kwa wazazi wa asili ya Ujerumani. Darasa lake la kwanza alilikumbuka maisha yake yote: jua linaingia, karatasi ni kubwa, brashi ni nene, rangi ni tele. Mwalimu wake alimwita mama yake shuleni kumwambia kwamba mtoto huyu anajua kuchora na kipaji hicho kilelewe. Mwaka 1935 mama alizidiwa na hamu ya kwao, familia ikahamia Stuttgart, na mtoto wa miaka sita akajikuta kwenye shule ya fimbo. Alichapwa mikononi, akaichukia shule. Alikuja kusema kwamba kutoka nyumbani kwenda shule ni miongoni mwa mishtuko mikubwa ya utotoni, na kwamba vitabu vyake alivikusudia viwe daraja kati ya joto la nyumbani na darasa, nusu kitabu, nusu mchezo. Mimi ninayewapokea watoto mlangoni siku ya kwanza wakilia, nashukuru kwamba mtu aliyeumizwa na shule alikaa akawatengenezea wenzake kitu cha kushika.

Baba yake alimpenda sana, na alikuwa na desturi ya kumtembeza mashambani na mwituni. Aliinua mawe, akabandua magome ya miti kumwonyesha wadudu wanavyoishi, kisha akawarudisha taratibu mahali pao. Wadudu wote wa vitabu vya Carle, buibui, nyenje, kimulimuli, wanatoka kwenye matembezi hayo. Vita vilipoanza mwaka 1939 baba aliitwa jeshini, akaishia kuwa mfungwa wa Wasovieti. Alirudi mwishoni mwa 1947 akiwa na uzito usiofika kilo 40. Carle mwenyewe, akiwa na miaka 15, alipelekwa kuchimba mahandaki kwenye mpaka wa magharibi.

Majengo ya miji ya Ujerumani yalipakwa kijani kilichofifia, kijivu na kahawia ili ndege za adui zisiyaone, na Carle alisema rangi zake kali ni jibu kwa miaka ile. Kulikuwa pia na mwalimu wake wa sanaa, Krauss, aliyemkaribisha nyumbani kwake akamwonyesha kwa siri nakala za kazi za Picasso, Klee na Matisse, wasanii ambao utawala wa Wanazi uliwapiga marufuku. Mwalimu yule alihatarisha maisha yake kwa ajili ya mwanafunzi mmoja. Tazama jua kubwa kwenye kurasa za mwanzo za kitabu hiki, au kipepeo anayejaza kurasa mbili za mwisho kwa zambarau, chungwa na buluu, utaona matunda ya siku ile.

Baada ya chuo cha sanaa cha Stuttgart alirudi New York mwaka 1952 akiwa na dola 40 mfukoni. Mchoraji Leo Lionni alimsaidia kupata kazi ya usanifu wa michoro katika gazeti la New York Times. Akapita jeshini, kisha akawa mkurugenzi wa sanaa kwenye wakala wa matangazo. Mwandishi wa vitabu vya watoto Bill Martin Jr aliona kambakoche mwekundu aliyemchora kwa tangazo la dawa, akamwomba amchoree kitabu cha watoto. Kikatoka mwaka 1967. Mwaka uliofuata Carle akatoa cha kwake mwenyewe, na mwaka 1969 kikaja hiki.

Wazo lilimjia siku alipokuwa akitoboa karatasi nyingi kwa mashine ya kutobolea karatasi za faili. Matundu yakamkumbusha mnyoo alaye vitabu, na mhusika wa kwanza akawa mnyoo aitwaye Willi. Mhariri wake Ann Beneduce ndiye aliyependekeza kiwavi, na Carle papo hapo akaona kipepeo wa mwisho. Marekani hakupatikana mpiga chapa wa kutengeneza kurasa za upana tofauti zenye matundu kwa bei inayowezekana. Kazi ikaenda Japani. Leo nakala zilizouzwa ni zaidi ya milioni 50.

Picha zenyewe ni kolaji. Alipaka rangi ya akriliki kwenye karatasi nyembamba za tishu, akazikata kwa wembe, akazibandika. Mwangalie kiwavi kwa karibu: mikwaruzo ya brashi inaonekana, kijani kimepandana juu ya kijani. Watoto wangu hupaka karatasi zao, tunazikausha, kesho yake tunakata. Hakuna anayesema hawezi kuchora.

Sasa malalamiko. Zile kurasa fupi ndizo zinazovutwa zaidi, na kwenye nakala yangu, ile ya Jumatatu ilianza kuachia gundi kwenye mgongo wakati nyingine bado imara. Nimeibandika, lakini kwa kitabu cha watoto wadogo sehemu hiyo ingeimarishwa tangu kiwandani. La pili ni ukubwa: toleo hili halifai kusomea darasa zima, wa nyuma hawaoni stroberi wala tundu.

Kitabuni kiwavi anajijengea kifuko kabla ya kuwa kipepeo. Walimu wa sayansi husema vipepeo hawasokoti kifuko cha nyuzi kama wafanyavyo nondo, na ni kweli. Mimi huwaeleza watoto jambo hilo tukishamaliza kusoma, inachukua dakika moja, na hadithi haipungukiwi.

Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu nyumbani, nunua hili dogo la kadibodi, vidole vitaingia vizuri na unaweza kulifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Usilitie majini, kadibodi inavimba. Kwa darasa tafuta lile kubwa la kusomea kundi, uwaache watoto walishike dogo mmoja mmoja baada ya kusomewa. Kabla ya kulipa, pitisha kidole chako kwenye kila tundu uone kama limekatwa safi, na fungua ukurasa wa Jumatatu uangalie gundi.