Malaria iliyopanda kichwani: huduma tuliyoipata hospitalini Moshi

Shemeji yangu, mtu mzima wa miaka 43, alirejea Moshi kutoka Geita akiwa na homa aliyoiita ya safari. Usiku wa nne alikakamaa na kutikisika mwili mzima, na hata mtikisiko ulipokoma fahamu hazikumrudia. Jirani mmoja alitamka kifafa, mwingine jini, kwa kuwa degedege tumezoea kuiona kwa watoto. Kumbe aliyekulia miteremko ya Kilimanjaro, ambako malaria ni haba, hana kinga waliyo nayo wenyeji wa Kanda ya Ziwa.

Katika hospitali tuliyokimbilia, kitengo cha dharura kilistahili sifa. Kabla hatujaulizwa kadi ya bima, muuguzi alikwisha kumlaza ubavu na kumtoboa kidole ili kupima sukari, kwa sababu malaria kali huishusha, na sukari iliyoshuka yenyewe huleta mtikisiko. Alipotikisika tena alichomwa diazepamu taratibu kwenye mshipa. Kipimo cha haraka kilipoonyesha malaria, alipewa papo hapo sindano ya kwanza ya atesuneti, chupa tatu za miligramu 60 kwa uzito wake wa kilo 70, kisha nyingine saa 12 baadaye na ya tatu ilipotimia saa ya 24. Daktari alichukua pia maji ya uti wa mgongo ili ajiridhishe kwamba hapakuwa na homa ya uti wa mgongo, jambo lililonitisha mimi kuliko mgonjwa, ambaye hakuwa na habari. Asubuhi ya tatu alifumbua macho akauliza kama ng'ombe wamekamuliwa.

Wodini mambo yalikuwa mengine. Kwa siku mbili hakuna aliyetueleza kwamba hali ile ilikuwa malaria ya ubongo, na tuliporuhusiwa tulikabidhiwa dawa mseto ya ALu bila kuambiwa kwamba hunywewa pamoja na chakula chenye mafuta. Kosa ninaloliona kubwa zaidi ni kutopangiwa tarehe ya kurudi, ilhali baada ya sindano za atesuneti chembe nyekundu za damu huweza kuvunjika wiki kadhaa baadaye, na mgonjwa akaishiwa damu akidhani amepona. Hilo tulilisikia kwa mfamasia wa mtaani, tukampima damu siku ya 14 kwa gharama zetu, ikaonekana inatosha.