Hilux 2.8 oto au Ranger 3.2 oto: gia boksi ipi inafaa kuvuta tela Kigoma?

Kwa anayetoa boti majini Kibirizi au Katonga, au anayevuta tela ya mzigo kwenda Kasulu na Manyovu, pikapu ya dizeli yenye gia boksi ya oto ni chombo cha kuaminika. Kinachoiua mapema, karibu kila mara, ni joto la oili. Kwa kipimo hicho, ya kwanza kununua ni Toyota Hilux 2.8 ya gia 6. Ford Ranger 3.2 ya gia 6 inafuata kwa masharti, na Ranger ya gia 10 bado si ya kuvutia tela huku.

Barabara zetu zenyewe ndizo mtihani. Ziwa liko kwenye mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, Kasulu iko juu ya mita 1,200, kwa hiyo ukitoka mjini na mzigo unapanda. Ukiwa D mlimani, kompyuta inapandisha gia, inashusha, inapandisha tena, na kila mara toki konveta, kiungo kati ya injini na gia boksi, inajifungua. Ikiwa imefunguka, nguvu ya injini inapita kwenye oili peke yake. Oili inachapwa na kuchemka. Dawa ni kuingiza S, yaani kuchagua gia mwenyewe, ushike gia ya 3 au 4, injini ikae kwenye mizunguko 2,000 hadi 2,500. Mlio utaongezeka, ila konveta itabaki imefungwa na joto litashuka.

Usikisie joto. Kisomaji kidogo cha bluetooth kinachochomekwa chini ya dashibodi, pamoja na programu ya simu, kinakuonyesha nyuzijoto za oili ya gia boksi. Kati ya 80 na 100 endelea. Ikifika 110 punguza mwendo. Ikigusa 120 simama pembeni, weka P, acha injini inaunguruma, maana ukizima pampu inasimama na oili moto inabaki palepale kwenye klachi za ndani ya boksi. Tela nzito ya kila wiki inastahili rejeta ndogo ya ziada ya oili mbele ya ile ya maji. Iungwe kwenye bomba linalorudi gia boksi, oili ikishapita rejeta kubwa, na mipira iwe ya oili ya gia boksi. Mpira wa dizeli utalainika na kupasuka.

Hilux hii ilitoka mwaka 2015. Gia boksi yake ni AC60F ya Aisin, na injini ya 1GD ya oto ilianza na torki ya Nm 450, ikapandishwa hadi 500 mwaka 2020. Inabadili gia taratibu, na klachi zake zinavumilia mzigo oili ikiwa safi. Inataka ATF WS tu, oili ya gia boksi ya Toyota. Oili nyekundu yoyote ya dukani haitoshi, kwa sababu WS ni nyepesi na kompyuta imepangiwa wepesi huo.

Haina kijiti cha kupimia, na hapo ndipo mafundi wengi wanaharibu. Gari ikae pasawa. Legeza kwanza plagi ya kujazia, ndipo umwage. Ukimwaga halafu plagi ya juu ikagoma, gari haitoki gereji. Zitatoka lita 3 hadi 4, nyingine inabaki ndani ya konveta. Pima iliyotoka, rudisha kiasi hichohicho, washa, pitisha hendeli P hadi D polepole. Oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45, injini ikiwa inaunguruma, fungua plagi ya kipimo: ichuruzike kidogo. Isipotoka, ongeza. Kwa kazi ya tela fanya hivyo kila kilomita 40,000, na kila ukishusha sampu, yaani bakuli la oili chini ya boksi, tazama sumaku zake. Ute wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma si kawaida.

Ranger 3.2 ina Nm 470 na inavuta vizuri mno. Gia boksi yake, 6R80, inatumia oili ya Mercon LV. Udhaifu wake ni bodi ya umeme iliyozama ndani ya oili. Huko Marekani Ford iliita zirudishwe kurekebishwa pikapu zake za F-150 za 2011 hadi 2013 zenye gia boksi hii, kwa sababu kihisi cha mwendo kikikata, gari inaweza kushuka ghafla hadi gia ya 1. Fikiria hilo ukiteremka Manyovu na tela nyuma. Kabla ya kununua Ranger iliyotumika, pima na mashine ya kusoma hitilafu hata kama dashibodi haina taa. Ukikuta P0720 au P0722, namba za hitilafu ya kihisi hicho, iache.

Ranger ya gia 10 inajulikana kwa bushi, pete ya ndani ya dramu ya klachi, kuhama mahali pake; hapo presha ya oili inavuja na gia zinaanza kugonga. Kuifungua kunataka vifaa maalumu.

Ufukweni, oto inaipita manyuo, yaani gia za mkono, kabisa, kwa sababu manyuo inaunguza sahani ya klachi mchangani. Tumia 4L, gia nzito ya magurudumu manne, kutoa boti. Gari ikitoka safari ndefu, iache ipoe kabla ya kurudisha nyuma majini: boksi na difu za moto zikiguswa na maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na maji yanavutwa kupitia sili na tundu la kupumulia. Oili ikiwa ya pinki na nzito kama mtindi, maji yameingia, ama ya ziwa ama ya rejeta iliyotoboka ndani. Usiiendeshe hata hadi gereji, ibebwe.

Ukiegesha kwenye mteremko na tela: kanyaga breki, weka N, vuta handibreki, achia mguu mpaka uzito wote ukae kwenye handibreki, ndipo uweke P. Ukianza na P, tani zote zinaning'inia kwenye kijino kimoja ndani ya boksi. Na tela isiyo na breki zake isizidi kilo 750.