Kiangazi cha Vivaldi kwa Mdundo wa Chakacha: Pikapu, Kikuza Sauti na Pedali ya Lupu

Habari zenu watazamaji, karibuni Tanga. Mezani kuna vitu vitatu: pikapu ya pieso (kinasa sauti kinachogeuza mtetemo kuwa umeme) ya kubana kwenye daraja la fidla, kikuza sauti kidogo cha awali (priampu) cha betri ya volti 9, na pedali ya lupu, yaani ya kurekodi kipande kifupi na kukirudia mfululizo. Tunataka kujua kama vinatosha kupiga koncheto (muziki wa mpigaji mmoja akisindikizwa na okestra) ya Vivaldi, mtunzi wa Italia, pamoja na gitaa, besi na ngoma. Kipande cha majaribio ni Kiangazi, sehemu ya tatu, G maina, iliyochapwa Amsterdam mwaka 1725 pamoja na misimu mingine mitatu.

Tazama hapa karibu. Kibanio kinakaa kwenye bawa la daraja, upande wa uzi mnene. Kaza kiasi cha kutocheza tu. Uzito wowote ukiongezwa hapo unapunguza mtetemo, kwa hiyo bila umeme fidla itasikika imefifia kidogo. Hiyo si hitilafu, ndivyo pikapu za kubana zilivyo.

Kosa ninaloliona sana ni kuchomeka pikapu moja kwa moja kwenye laini ya miksa (tundu la kawaida la kuingizia sauti). Pieso inataka ukinzani wa karibu megaomu 1 upande wa kupokea. Laini ya miksa huwa na kiloomu kumi na kitu, basi sauti nene inapotea na fidla inalia kama mbu. Kikuza sauti hiki kinaondoa tatizo hilo, na kwangu ndicho kifaa bora kati ya vyote vitatu. Kata kila kitu chini ya Hz 150, maana uzi wa G ukiwa wazi ni Hz 196 na huko chini kuna vishindo vya mkono tu. Kisha punguza desibeli 3 au 4 kati ya kHz 2 na 4, ndiko uliko ukali wa pieso.

Pedali ya lupu inahitaji akili. Wengi wanarekodi kibwagizo cha okestra, wanakiacha kizunguke, halafu wanashangaa mambo yanagongana. Kibwagizo cha Vivaldi kinarudi kweli, lakini mara nyingi kinarudi katika ufunguo mwingine. Rekodi kitu kisicho na noti: laza vidole vya kushoto juu ya nyuzi zote bila kukandamiza, kisha gonga kwa sehemu ya upinde iliyo karibu na mkono. Inatoka "chak" kavu inayokubali ufunguo wowote. Kufunga lupu, kanyaga kwenye pigo la kwanza la kipimo kinachofuata. Ukikanyaga noti ya mwisho inapoisha, kila mzunguko unakuja mapema na unaachana na ngoma.

Sasa utamu wenyewe. Kipande hiki ni 3/4, yaani nusu-pigo sita kwa kipimo. Chakacha ni 6/8, nayo ina sita. Fidla inazigawa mbili-mbili, ngoma inazigawa tatu-tatu, wanakutana kila pigo la kwanza. Anza na mapigo 120 kwa dakika, mpiga ngoma atahesabu 80 yake. Kinachoharibu ni fidla kutia mkazo kwenye kila pigo: ngoma inavutwa, inageuka waltz. Tia mkazo pigo la kwanza tu, mengine yateleze. Ikikaa sawa, jamani, inapendeza mno!

Sehemu ya selo, ile fidla kubwa ya sauti nzito, mpe mpiga besi. Magitaa na besi kwenye taarab si jambo geni hapa Tanga, mji wa Black Star, ile klabu maarufu ya taarab. Ila gitaa la besi hulia oktavu moja chini ya kilichoandikwa. Akisoma karatasi ya selo kama ilivyo, vifungu vya kasi vinakuwa tope. Apande oktavu moja, na mwangwi usizidi sekunde moja na nusu. Tyuni ibaki 440, yaani noti A iwe Hz 440. Ile 415 ya wapigaji wa kibaroki (mtindo wa zama za Vivaldi) inalegeza nyuzi za chuma, na kinanda chenu hakitakubaliana nayo.

Kwa hewa ya chumvi ya hapa, futa nyuzi na tundu la waya kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza, na toa betri kama hupigi wiki hiyo. Kutu kwenye tundu ndiyo inayoleta ule mkwaruzo unaowafanya watu wadhani pikapu imekufa. Fedha ikiwa haitoshi, nunua pikapu na kikuza sauti kwanza. "Chak" anaweza kuigonga mpiga fidla wa pili.