Gari la Zamani la Kununua Kwanza: Matano kwa Mpangilio Wangu

Kabla hujachagua aina, jiulize gari litalala wapi na nani atalitengeneza. Gari la zamani linaloachwa nje kwenye mvua huliwa na kutu hata kama haliendi popote. Na kama huna karibu fundi anayeijua kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), jifunze mwenyewe au subiri kwanza. Jambo jingine: lisiwe gari lako pekee. Mengi ya umri huo hayana mifuko ya hewa wala breki zinazoshika kama za leo.

Mpangilio huu ni wa mnunuzi wa mara ya kwanza anayetaka kuendesha, si kufunika turubai. Kigezo changu kikuu ni bodi. Injini hufunguliwa, ikafungwa, ikarudi kazini. Bodi iliyooza inaweza kumeza pesa kuzidi thamani ya gari zima.

1. Mercedes-Benz W123 (1975–1986). Yalitengenezwa karibu milioni 2.7, ndiyo maana spea bado zinapatikana. Mimi ningechukua la dizeli, 240D. Halina haraka, lakini ukilibadilishia oili kwa wakati, injini yake hudumu mno. Kagua pale jeki inapoingia, madigadi ya mbele na chini ya betri. Kisha zima injini kwa ufunguo. Ikiendelea kunguruma, usiogope: kwenye mengi ya dizeli injini huzimwa kwa mvuto wa hewa unaopita kwenye vibomba vyembamba, na mara nyingi ni kimojawapo kinachovuja. Muuzaji asiyejua hilo huenda akakupunguzia bei.

2. Volkswagen Beetle. Yalitoka zaidi ya milioni 21, la mwisho Mexico mwaka 2003. Injini iko nyuma na hupozwa kwa hewa, kwa hiyo hakuna rejeta ya kuvuja. Ni gari zuri la kujifunzia ufundi, kwa kuwa karibu kila kitu kinafikika. Inua kiti cha nyuma utazame sakafu chini ya betri, kisha pitisha mkono chini ya milango, maana huko ndiko kutu huanzia. Mipira ya petroli (vibomba vinavyoipeleka kwenye injini) ibadilishe siku hiyohiyo, hata ukiambiwa ni mipya. Ikipasuka juu ya injini ya moto, gari linaungua. Mengi ya kabla ya 1967 yana umeme wa volti 6, na taa zake usiku ni hafifu.

3. Land Rover Series (1948–1985). Bodi ya alumini huwadanganya wengi. Nje hakuna kutu, huku chesisi ya chuma, yaani fremu iliyo chini ya gari, imeoza. Lala chini na nyundo ndogo uigonge, hasa mwisho wa nyuma. Mlio mkavu ni chuma kizima, mlio mzito una shaka. Safari ndefu ndani yake inachosha.

4. Peugeot 504. Lilizinduliwa 1968, likawa Gari la Mwaka la Ulaya 1969. Barabara mbovu hulipita kwa ulaini. Lingepanda juu kama spea zake zingepatikana kwa urahisi kila mahali.

5. Jaguar E-Type (kuanzia 1961). Sijaona gari zuri kulishinda. Limo humu kwa uzuri tu, lakini lisiwe lako la kwanza: kulirekebisha bodi ni kazi ya bingwa.

Nje ya orodha nimeliacha gari la kufufua, lile la bei ya kutupa ambalo nusu yake imo kwenye maboksi. Rahisi ghali. Lipia zaidi upate ambalo mwenzako ameshalitengeneza, likiwa na risiti za kazi iliyofanyika.

Siku ya kukagua, omba injini isiwashwe kabla hujafika, maana injini ya moto huficha ugumu wa kuwaka. Beba sumaku iliyofungwa kitambaa. Mahali isiposhika kwenye bodi ya chuma, chini ya rangi kuna puti, yaani udongo wa kuziba mashimo na mabonyeo. Linganisha namba ya chesisi na hati. Soma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi, zinazoonyesha lilitengenezwa lini: 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ukishalinunua, badilisha mafuta ya breki, mikanda ya injini na vibomba vyote vya mpira kabla ya safari ndefu ya kwanza, na uliendeshe mara kwa mara, kwa sababu likisimama sili (mipira inayozuia mafuta yasivuje) hukauka na petroli huchacha ndani ya tangi.