Uzoefu wangu: Grand Opera House ya Belfast, jumba lililonusurika mabomu

Kama unaishi Ireland ya Kaskazini na hujawahi kuingia Grand Opera House, jumba la maonyesho la Belfast pale Great Victoria Street, tafuta siku uende. Wengi wetu tunaolipita tukikimbilia kazini tunadhani ni mahali pa matajiri wenye suti. Sivyo kabisa. Watu huja na makoti yao ya mvua, watoto mkononi na peremende mfukoni.

Mimi nilianza na panto, mchezo wa Krismasi, nikiwa na dada yangu na wapwa zangu. Mwanamume mzima kavaa gauni na wigi, anaigiza mama mwenye mdomo mrefu. Adui akinyemelea, ukumbi wote unapiga kelele: "Yuko nyuma yako!" Hakuna anayekufundisha. Pazia lilikuwa halijafunguka hata nusu saa, wapwa zangu wakawa wamesimama juu ya viti wakimzomea yule adui kama waliozaliwa hapo. Baadaye ndipo nilipojua kwamba jumba lenyewe lilifunguliwa kwa mchezo wa aina hiyo hiyo, tarehe 23 Desemba 1895. Watoto wa Belfast wanapiga kelele zile tangu enzi ya Malkia Victoria.

Ukiketi, usikimbilie kutazama simu. Inua macho. Aliyelichora jumba ni Frank Matcham, fundi mkubwa wa majumba ya maonyesho wa zama zake, ambaye baadaye alichora Hackney Empire na Coliseum ya London. Hapa alijaza nakshi za kuiga India: dhahabu kila mahali, na vichwa vya tembo vimechomoza kando ya vijumba vya pembeni ambako zamani walikaa wakubwa. Nilivitazama sana vichwa vile. Ni uzuri wa kweli, na pia ni ushahidi wa jinsi himaya ilivyopenda kujipamba kwa vitu vya watu iliowatawala. Yote mawili yapo pale na sioni haja ya kuficha mojawapo. Huenda tembo wana sababu nyingine pia: mwanzoni jumba liliitwa Grand Opera House and Cirque, kwa kuwa lilikusudiwa kupokea hata sarakasi.

Michoro ya darini si ya 1895. Ni kazi ya Cherith McKinstry, na hapo ndipo historia inaponigusa zaidi. Miaka ya 1960 jumba lilitumika zaidi kama sinema, ingawa mwaka 1963 kijana mmoja wa Italia aitwaye Luciano Pavarotti aliimba hapo, kabla dunia haijamjua. Mwaka 1972, mwaka uliomwaga damu kuliko mingine yote ya machafuko ya Ireland ya Kaskazini, vita kati ya waliotaka kubaki chini ya Uingereza, wengi wao Waprotestanti, na waliotaka kuungana na Ireland, wengi wao Wakatoliki, likafungwa. Katikati ya mji kukazungushwa vizuizi, watu wakapekuliwa kabla ya kuingia madukani, na jua likizama kila mtu alishika njia ya kwao. Jumba likabaki kuoza, na kulikuwa na mipango ya kulibomoa. Wapenzi wa majengo ya kale walipigana hadi mwaka 1974 likawekwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa. Baraza la Sanaa likalinunua, na mbunifu Robert McKinstry, mume wa Cherith, akasimamia ukarabati. Septemba 1980 milango ikafunguliwa tena.

Hebu fikiria maana yake. Vita havikuwa vimekwisha, vingeendelea karibu miaka ishirini zaidi. Lakini Mkatoliki na Mprotestanti, ambao mara nyingi hawakuishi mtaa mmoja wala kusoma shule moja, walipata sababu ya kutoka usiku na kuketi bega kwa bega gizani. Wenyeji wa makamo wanalisema jambo hili kwa sauti ya shukrani: maisha ya usiku yalianza kurudi mjini na jumba hili. Mabomu yaliyotegwa jirani yakaliharibu vibaya mwaka 1991, na tena 1993. Mara zote mbili likajengwa upya. Ndiyo maana sikubaliani na anayesema pesa za ukarabati mkubwa wa 2020 hadi 2021, zaidi ya pauni milioni 12, zilikuwa anasa.

Sasa ya vitendo. Roshani ya juu ni rahisi kwa bei lakini ina mwinuko mkali, kama ilivyo kawaida ya majumba ya enzi ile, basi mwenye magoti mabovu au anayeogopa kimo achague chini. Mwenye miguu mirefu atafute kiti cha kando ya njia. Kwa panto, kata tiketi mapema sana, familia nyingi hukata miezi kadhaa kabla. Fika mapema upitie maonyesho ya historia yaliyomo humo ndani. Usafiri si shida, kituo kipya cha treni na mabasi cha Grand Central kiko karibu kwa miguu. Na kama kuna ziara ya kuongozwa siku za mapumziko yako, ifuate hata kama hupendi opera.

Nalipatia jumba hili nyota tano kwa tano. Dada ameshaanza kuulizia viti vya Desemba ijayo.